Msimlaumu Anunuaye Robo

Kuna somo linalohubiriwa Same mwaka hadi mwaka, na wanaolihubiri ni watu wa heshima: maofisa wa mikopo, watoa semina za ujasiriamali, watangazaji wa redio, hata viongozi wa dini wanapogusia mambo ya kaya. Wanasema familia nyingi za milimani hazisongi mbele kwa sababu hazijui kununua. Mama wa Chome ananunua sukari robo, mafuta ya kupima na sabuni ya kipande, na kila akitoka dukani ameshapoteza. Angejinyima kidogo, akakusanya fedha, akashuka mjini kuchukua mfuko mzima na dumu zima, angepata hata ada ya mtoto. Kwa maneno mengine, umaskini wake kautaka mwenyewe, na dawa yake ni bei ya jumla.

Nalipinga somo hili, na nalipinga kwa hesabu. Bei ya jumla ina faida yake mahali pake, nitafika huko. Kosa la wahubiri wetu ni kwamba wanatangaza bei ya mfuko bila kuigawa. Mfuko haujasema kitu mpaka bei yake igawanywe kwa kilo, na kilo hiyo ihesabiwe pale inapoliwa, yaani jikoni Chome, Suji au Vudee, wala si pale inapouzwa karibu na stendi ya Same.

Tufanye hesabu hiyo kwa bei za mfano. Mfuko wa sukari wa kilo 50 mjini ni shilingi 140,000, yaani 2,800 kwa kilo. Duka la kijijini linauza robo kwa shilingi 800, yaani 3,200 kwa kilo. Tofauti ni shilingi 400 kwa kilo, na kwa mfuko mzima ni 20,000. Mtoa semina huishia hapa, akafuta ubao akipigiwa makofi. Lakini mama hajafika nyumbani. Nauli ya kushuka na kupanda, tuseme 10,000. Mzigo kwenye gari, 4,000. Pikipiki kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, 3,000. Jumla 17,000 imekwenda. Katika ile 20,000 imebaki 3,000. Kaya inayotumia kilo moja kwa wiki itaumaliza mfuko huo baada ya karibu mwaka mzima. Mama amefunga shilingi 140,000 kwa mwaka ili apate shilingi 3,000, yaani shilingi 60 kwa kilo. Na bado sijahesabu siku yake moja ya shamba iliyoishia barabarani, wala sukari iliyoloweshwa na ukungu wa Shengena mfuko ukiwa wazi miezi yote hiyo.

Atakayesema kwamba mama huyo alikuwa anashuka Same hata hivyo, kwa hospitali au kikao cha shule, anasema kweli, na hapo hesabu inabadilika: nauli yake mwenyewe haiidai sukari, na faida inapanda hadi 13,000. Ni jambo zuri, na wanawake wa milimani wanalijua vizuri mno. Ndiyo maana anayeshuka mjini huondoka na orodha ya majirani mfukoni. Lakini semina haisemi "nunua jumla siku unayoshuka kwa shughuli nyingine". Inasema "nunua jumla". Sentensi hizo mbili ziko mbali kwa shilingi 10,000.

Mwenye duka la kijijini naye hutajwa kama mnyonyaji anayekula tofauti ya bei. Mtazameni anachofanya. Amekwisha kununua kwa jumla kwa niaba ya kijiji kizima. Amelipa nauli na mzigo, amebeba hatari ya panya na unyevu, ameugawa mfuko katika robo na nusu, na amefungua daftari la mkopo kwa wale ambao tangawizi yao haijauzwa. Ile shilingi 400 juu ya kilo ni bei ya kazi zote hizo. Wako wanaozidisha, ninawafahamu, na soko lenye duka moja tu huwapa nafasi. Lakini kuita tofauti yote hasara ya mnunuzi ni kujifanya hatuoni kwamba mlima una gharama yake, na kwamba ni lazima mtu fulani ailipe.

Halafu kuna suala la fedha yenyewe inatoka wapi. Hapa ndipo somo la jumla linapofanya madhara ya kweli, kwa sababu mara nyingi huja likiwa limefungwa pamoja na mkopo. Chukua fedha, nunua jumla, utarudisha kwa akiba utakayopata. Mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi, juu ya shilingi 140,000, ni riba ya 28,000 katika mwezi wa kwanza peke yake. Riba hiyo inazidi tofauti yote ya bei ya mfuko, hata kama sukari ingepaa yenyewe hadi Chome bila nauli. Huhitaji shahada ya uchumi kuona kwamba mtu aliyeshauriwa hivyo ameuziwa deni kwa jina la akiba.

Wanaoshikilia kwamba tatizo ni ujinga wa kununua wangefaa pia kuwatazama maskini wa nchi tajiri. Watafiti wawili wa Marekani, A. Yesim Orhun na Mike Palazzolo, walichambua ununuzi wa karatasi za chooni wa kaya zaidi ya 100,000 kwa muda wa miaka saba. Walichagua bidhaa hiyo kwa sababu haiozi, na mtu haongezi matumizi yake kwa kuwa ipo nyingi ndani. Waliona kwamba kaya za kipato cha chini zililipa karibu asilimia 6 zaidi kwa kila karatasi kuliko wenye uwezo, kwa kushindwa kununua pakiti kubwa na kushindwa kusubiri punguzo. Hadi hapo wahubiri wetu wanaweza kushangilia. Ila watafiti waliendelea kutazama, wakakuta kwamba mwanzoni mwa mwezi, fedha inapokuwa mkononi, maskini wale wale walianza kununua kama matajiri. Maarifa hayaingii kichwani tarehe mosi na kutoka tarehe kumi na tano. Kilichokuwa kinapungua ni fedha. Na nani wa Same asiyeyajua haya? Msimu wa tangawizi ukifika Mamba Miamba, maduka huuza kwa kilo na kwa katoni. Msimu ukipita, robo hurudi.

Hata wale wenye fedha wasidhani kwamba kikubwa ni rahisi kwa sababu tu ni kikubwa. Chukua chupa ya mafuta ya kula ya lita 1 kwa shilingi 5,500 na dumu la lita 5 kwa shilingi 28,000 kwenye rafu moja. Dumu linaonekana la akiba kwa ukubwa wake. Gawa: ni 5,600 kwa lita. Mnunuzi ameongeza shilingi 500 kwa heshima ya kubeba dumu. Mambo haya yapo, na hayako kwetu tu. Huko Marekani wachunguzi wa masoko wamekuwa wakiyaandika tangu miaka ya 1970, kwamba sehemu ya pakiti kubwa madukani huuzwa ghali zaidi kwa kipimo kuliko ndogo, kwa kuwa muuzaji anajua mteja wa pakiti kubwa hagawi. Imani ya jumla ndiyo inayomlipa muuzaji huyo.

Sasa tuangalie mahali ambapo bei ya kipimo iko wazi, tuone kama robo bado ni dhambi. Kituo cha mafuta. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo ya petroli na dizeli kwa lita, mji kwa mji, na Same imo. Bango liko barabarani, tarakimu zinasomeka ukiwa ndani ya basi la Arusha. Kijana wa bodaboda anayeweka lita moja analipa bei ile ile ya lita anayolipa dereva wa lori anayejaza tangi. Sijapata kusikia semina ikimsuta kijana huyo kwamba hajui kununua. Kwa nini? Kwa sababu lita ina bei yake, imeandikwa, na kila mtu anaiona.

Umeme ni mfano mkali zaidi, maana huko jumla inaadhibiwa waziwazi. Katika bei za TANESCO zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Kaya ya D1 ikiuza mbuzi na kuamua kununua LUKU ya miezi mitatu kwa mpigo, kwa kufuata somo la semina, inalipia sehemu kubwa ya uniti zake mara tatu na nusu ya bei. Anayenunua kidogo kila mwezi ndiye mwenye akili. Mhubiri wa jumla na aniambie somo lake linasema nini hapo.

Nimeahidi kufika mahali ambapo jumla ina faida ya kweli. Kwetu Same mahali hapo ni mavuno, na kinacholeta faida ni majira kuliko ukubwa wa gunia. Mpunga wa Ndungu unapovunwa, au mahindi ya tambarare yanapofurika kwenye magulio, kilo huwa na bei ambayo haitaonekana tena miezi ya njaa. Anayeweza kununua wakati huo anunue. Lakini hata hapo agawe sawasawa. Gunia la mpunga la kilo 100 kwa shilingi 100,000 linaonekana ni shilingi 1,000 kwa kilo, na mchele dukani ni 2,000, kwa hiyo watu husema wameokoa nusu. Hawajaokoa nusu. Mpunga ukikobolewa hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Tuseme 65, na kukoboa ni shilingi 5,000. Shilingi 105,000 kugawanya kwa 65 ni kama 1,615. Akiba ni 385 kwa kilo, ya kweli na ya kutosha, wala haihitaji kutiwa chumvi. Kwa mahindi ni vivyo hivyo: kilo ya mahindi siyo kilo ya sembe, kwa sababu pumba zinatoka, na mashine haifanyi kazi bure. Anayesaga dona na anayekoboa sembe wananunua gunia moja kwa bei mbili tofauti.

Na nafaka inapowekwa, wapo wanaokula kabla yako. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima wengi walimwita Scania, hugeuza mahindi unga ndani ya gunia. Kila kilo aliyoila inapandisha bei ya kilo zilizobaki. Gunia la kilo 100 ulilonunua kwa 80,000 likipoteza kilo 20, kilo zako 80 zimekugharimu 1,000 kila moja, na huenda hiyo ndiyo bei uliyoikimbia. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huleta balaa kubwa kuliko hasara: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwenye miinuko yetu yenye mvua na ukungu hili si jambo la kupuuza. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inasaidia sana, na bei yake iingie kwenye hesabu ya kilo, kama vile nauli.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa jumla hawalitaji kabisa, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sehemu ya urahisi wa jumla, huku kwetu, imetoka kwenye mgongo wa mkulima. Nazungumzia lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu mazao kufungashwa kwa vifurushi vinavyozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiikemea lumbesa miaka nenda rudi. Bado mnunuzi anapanda mlimani na gunia lake, analijaza, kisha analiongezea kilemba cha kushonwa juu mpaka linafika kilo 130, na bei inabaki ya gunia moja. Mnunuzi anasema amepata kilo kwa shilingi 769 badala ya 1,000, anajisifu kwa ujanja wa kununua jumla. Kilo 30 hizo hakuziokoa. Alizichukua. Mkulima wa tangawizi au viazi aliyelima kwenye mteremko na kubeba mzigo kichwani hadi barabarani amelipwa kilo mia kwa jasho la kilo mia na thelathini. Wengi wa wakulima hao ni wale wale akina mama tunaowasuta jioni kwa kununua sukari robo. Asubuhi wameibiwa kwenye mizani ya jumla, jioni wanahubiriwa fadhila za jumla.

Tatizo letu, basi, ni vipimo visivyogawika. Fungu la nyanya, sado ya viazi, debe lililobonyezwa tumbo, gunia lenye kilemba: vyote hivi vina bei, na hakuna hata kimoja chenye bei ya kilo. Sado ya muuzaji huyu imekatwa chini, ya yule imejazwa hadi kileleni. Ukiuliza ipi ni rahisi hupati jibu bila mizani, na mizani imefichwa nyuma ya kaunta au haipo. Katika giza hilo mwenye kununua kikubwa na mwenye kununua kidogo wanakisia sawa, isipokuwa mkubwa akikosea anapoteza zaidi.

Watu wa Upare wana historia ya kukataa makadirio ya gizani. Mwaka 1945 walikusanyika kwa maelfu hapa Same kuipinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu na kuongezwa juu ya kodi ya kichwa. Profesa Isaria Kimambo, mwenyeji wa huku, aliandika kitabu kizima juu ya upinzani huo. Serikali ya kikoloni mwishowe iliiacha kodi ile. Wenzetu wa makabila mengine hututania kwamba Mpare ni bahili. Mimi naona ni watu wanaotaka kujua hesabu imepatikanaje, na ni haki yao, iwe mbele ya bwana shauri au mbele ya kaunta.

Na haki hiyo si ndoto. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha mwaka 1998 agizo linalotaka maduka yaandike bei ya kilo au ya lita kando ya bei ya pakiti. Australia iliwalazimisha wenye maduka makubwa ya vyakula kufanya hivyo tangu mwaka 2009. Sisi tuna Wakala wa Vipimo, tuna Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji, na tuna mfano wa bango la petroli unaofanya kazi kila siku mbele ya macho yetu. Kuandika "sukari: kilo 3,000" na "mafuta: lita 5,500" kwenye kipande cha boksi hakugharimu duka kitu. Halmashauri inayoweza kumfuata mwenye genge kwa ushuru inaweza pia kumtaka mwenye duka la jumla aweke mizani mahali mnunuzi anapoiona.

Wanaotaka kweli kuisaidia kaya ya mlimani waache kumwambia mama mmoja abebe mfuko mmoja. Wamwendee akiwa na wenzake. Narudia bei zangu za mfano. Kikoba cha wanawake 25 kikiagiza mifuko mitano ya sukari, kilo 250, na kumtuma mmoja wao, nauli inabaki 10,000 ile ile, na mzigo pamoja na pikipiki ni 7,000 kwa mfuko, yaani 35,000. Gharama zote 45,000, tofauti ya bei 100,000, inabaki 55,000. Kila mwanamke anapata kilo 10 kwa shilingi 29,800 badala ya 32,000, na fedha yake inafungwa wiki kumi tu, wala hakukopa. Amepata shilingi 2,200. Ndiyo faida yenyewe, hakuna ada ya shule humo, na anayewaahidi zaidi ya hiyo awaonyeshe aliigawaje.

Vikundi vyenye daftari na katibu vinaweza kuanza kwenye kikao kijacho. Mmoja alete bei ya kilo ya kijijini, mwingine ya gulio, wa tatu ya mjini ikiwa imeongezwa nauli na mzigo, na katibu aziandike tatu hizo ubaoni kabla mtu hajachanga hata shilingi moja. Wiki ambayo bei ya kijijini itakuwa ndogo kuliko zote, wanunue robo zao pale pale kwa jirani, na mtoa semina akija siku hiyo asomewe ubao.